Kutafuta mwalimu wa stili Fort Worth: shajara ya mwanafunzi mpya

Januari, wiki ya kwanza

Gitaa limeingia nyumbani na limekalia nafasi ya meza ya sebuleni. Ni gitaa la stili lenye pedali: shingo moja, nyuzi kumi, pedali tatu chini, nyenzo nne za magoti. Nimelinunua kwa mzee aliyeacha kupiga kwa sababu ya maumivu ya vidole. Bei ilipita dola elfu moja, jambo ambalo mama watoto hulikumbusha kila bili ya stima inapoingia.

Lengo la shajara hii ni kupata mwalimu. Kupiga kwenyewe kutafuata. Najua wako waliojifundisha, lakini tazama kazi iliyopo. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Wa kulia unadonoa kwa piki tatu, moja ya dole gumba na mbili za vidole. Mguu wa kushoto unakanyaga pedali zinazovuta nyuzi zipande, wa kulia uko juu ya pedali ya kukuza na kupunguza sauti, na magoti yote mawili yanasukuma nyenzo kushoto na kulia. Mtu akikosea mahali, atajuaje ni kiungo gani kimekosea?

Kilichonivuta ni kanda za baba. Nakuru tulilelewa na Jim Reeves, Skeeter Davis na Charley Pride, na pale nyuma ya sauti ya Pride palikuwa na kitu kinacholia ambacho sikujua jina lake. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba ni stili, na kwamba kwenye albamu yake ya jukwaani iliyotoka mwaka 1969 mpigaji ni Lloyd Green. Albamu ile ilirekodiwa Panther Hall, ukumbi uliokuwa hapa hapa Fort Worth, Texas. Nilihamia mji huu kwa ajili ya kazi ya ghala, wala sikuwa na habari hiyo.

Januari, katikati

Nimepigia simu maduka ya muziki. Walimu wa gitaa la kawaida wapo, wa piano wapo, wa fidla na ngoma wapo. Nikitaja stili, mmoja ananiuliza kama nataka gitaa lenye nyuzi za chuma. Mwingine ana kijana anayefundisha dobro, ile inayopigwa kwa chuma lakini haina pedali. Siwalaumu. Wapigaji ni wachache, wengi wao wamezeeka, na duka haliwezi kumlipa mtu kwa ajili ya wanafunzi wawili.

Nimesoma kidogo ili nielewe kwa nini hali iko hivi, na sasa naona tatizo ni kubwa kuliko uchache wa watu. Chombo chenyewe kilikua bila utaratibu mmoja. Kilianzia Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, gitaa la kawaida likilazwa mapajani na kuteleziwa chuma. Joseph Kekuku ndiye anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi. Miaka ya 1930 kikapata umeme. Pedali zikaja baadaye, na kwanza zilitumika kubadilisha mpangilio wa nyuzi kati ya kodi na kodi (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja), kimyakimya. Kisha Bud Isaacs akapiga kwenye wimbo wa mwimbaji wa country Webb Pierce uliovuma mwaka 1954, akikanyaga pedali huku nyuzi zinalia, msikilizaji akasikia noti moja ikipanda ndani ya kodi na nyingine zimetulia. Baada ya hapo kila mpiga stili alitaka pedali, na wengi walijitengenezea. Buddy Emmons alikuwa na mpangilio wake, Jimmy Day na wake. Wengine waliongeza nyenzo za magoti mahali goti lao lilipofika bila taabu.

Kwa hiyo magitaa mawili yenye umbo moja yanaweza kuwa na pedali zinazofanya kazi tofauti. Mwalimu mzuri wa gitaa lingine si lazima awe mwalimu mzuri wa gitaa langu. Hili ningependa mtu angeniambia kabla sijaanza kupiga simu.

Januari, mwishoni

Nimeacha simu, nimekaa chini na kuchora ramani ya gitaa langu. Nilikanyaga kila pedali, nikasukuma kila wenzo, nikaangalia kwenye mashine ya kutyuni ni uzi gani umesogea na umekwenda wapi. Nikaandika yote kwenye karatasi moja. Nashauri kila anayeanza afanye hivi kabla ya kumtafuta mwalimu, kwa kuwa hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.

Nyuzi zangu ziko kwenye mpangilio wa E9, ambao ndio wa muziki wa country. Kuanzia uzi ulio mbali nami kuja kifuani ni Fa kali, Re kali, Sol kali, Mi, Si, Sol kali, Fa kali, Mi, Re, Si. Ukizoea herufi: F#, D#, G#, E, B, G#, F#, E, D, B. Angalia juu kabisa: nyuzi mbili za kwanza hazifuati ngazi, ziko chini ya uzi wa tatu. Emmons ndiye aliyeziongeza mapema miaka ya 1960, ili noti za katikati zipatikane bila kuhamisha chuma.

Pedali A inapandisha B zote mbili kuwa C#. Pedali B inapandisha G# zote mbili kuwa A. Pedali C inapandisha uzi wa nne kuwa F# na wa tano kuwa C#. Gitaa langu lina A upande wa kushoto, kisha B, kisha C. Huo ni mpangilio wa Emmons. Wa Day umegeuzwa: C, B, A. Magotini, goti la kushoto likienda kushoto linapandisha E kuwa F, likienda kulia linashusha E kuwa D#. La kulia lina mbili zake, mojawapo ikishusha uzi wa pili na wa tisa.

Kuna mpangilio mwingine, C6, wa swing na jazi. Magitaa ya shingo mbili hubeba yote miwili. Huo siujadili mwaka huu.

Februari

Wakati namtafuta mtu, nimetumia masomo ya video. Nitakuwa mkweli kwa pande zote.

Upande wa nadharia yamenisaidia sana, na mengine ni bure YouTube. Kwa jioni chache nimeelewa kitu ambacho kingenichukua muda mrefu vitabuni. Weka chuma freti ya 3 (freti ni mistari inayogawa ubao wa gitaa) bila kukanyaga chochote, una G. Kanyaga A na B pamoja hapo hapo, una C. Telezesha mpaka freti ya 5 ukiwa bado umekanyaga, una D. Kodi tatu za nyimbo zote za baba zipo ndani ya freti mbili. Na G ile ile inapatikana tena freti ya 6 kwa pedali A pamoja na wenzo wa F, ule unaopandisha E kuwa F, na tena freti ya 10 kwa A na B. Ukishaziona hizo G tatu, ubao wote wa gitaa unaanza kueleweka.

Lakini kwenye video kuna mtu anasema "sukuma goti la kulia lishushe E", na kwangu kazi hiyo iko goti la kushoto. Kila somo inabidi nilitafsiri kwa kutazama karatasi yangu. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni mkono wa kulia. Nyuzi za stili hazinyamazi zenyewe. Uzi uliodonolewa unaendelea kulia mpaka uuzime, na ukidonoa mwingine bila kuzima wa kwanza unapata uji wa sauti. Mwalimu wa video anaonyesha namna ya kuzima kwa ukingo wa kiganja, mimi naiga, sauti yangu bado ni uji, naye hawezi kuniona. Rudia, rudia. Anasema maneno yale yale.

Hapa ndipo nilipobadilisha ninachotafuta. Sihitaji mtu wa kunipa nyimbo. Nyimbo ziko kila mahali, zimeandikwa kwa namba za nyuzi na freti. Nahitaji mtu wa kutazama mkono wangu.

Februari, mwishoni

Nina majina ya aina tatu kwenye daftari.

Wa kwanza yuko Nashville, mji wa muziki wa country, na anafundisha kwa Zoom. Ni mpigaji wa kweli wa studio na alinijibu kwa adabu. Gitaa lake ni la mpangilio wa Emmons kama langu. Alitaka nifunge kamera mbili, moja ya mikono na moja ya miguu, na kwa hilo alipata alama kwangu, kwani anajua pa kutazama. Tatizo ni saa. Nafanya kazi usiku, na nafasi zake zilizobaki ni jioni.

Njia ya pili niliiwaza zaidi kuliko ilivyostahili, kwa sababu ya moyo. Yapo makanisa ya Kipentekoste ya Wamarekani weusi, yanayoitwa House of God, ambako stili ndiyo inayoongoza ibada badala ya kinanda. Jambo hilo lilianza miaka ya 1930 na ndugu wawili, Troman na Willie Eason, na limetoa wapigaji kama Chuck Campbell na Robert Randolph. Kule hakuna karatasi. Kijana hukaa karibu na mzee anayepiga, husikiliza jinsi anavyofuata sauti ya mhubiri, na siku moja huachiwa kiti. Sisi tuliokulia kwaya za kanisani tunaijua shule hiyo. Ila wapigaji wao wengi hutyuni kwa namna zao, si E9 ya Nashville, na ni shule ya mtu aliyemo ndani ya ushirika. Kwenda pale nikiwa mgeni na kuomba nifundishwe nyimbo za Charley Pride ingekuwa ni kukosa haya.

Njia ya tatu ni wazee wa hapa Texas. Mji huu si mgeni kwa stili. Bendi ya Light Crust Doughboys ilianzia Fort Worth mwaka 1931, na Bob Wills alitokea humo kabla ya kuunda bendi yake ya western swing, muziki wa dansi unaochanganya country na jazi, ambako Leon McAuliffe aliifanya stili ijulikane. Kumbi za dansi bado zipo. Wapigaji wapo Ijumaa na Jumamosi. Hawajitangazi popote, ila wanaonekana kwa macho, wameketi upande mmoja wa jukwaa.

Machi

Nimempata ukumbini.

Nilikwenda Jumamosi niliyokuwa sina zamu. Sikucheza, nilikaa kwenye meza ya pembeni, karibu na stili. Bendi ilipopumzika nilimsogelea mpigaji, mzee mwenye kofia na miwani ya kusomea, nikamwomba ruhusa nitazame pedali zake. Alifurahi. Watu humwendea mwimbaji, alisema, au mpiga fidla. Yeye huulizwa tu kama kile ni kinanda. Nikamwonyesha picha ya karatasi yangu ya ramani. Akaisoma yote, akauliza: "Nani amekuchorea?" Nikamwambia nimechora mwenyewe. Akaandika namba yake nyuma ya leso ya karatasi.

Kwa anayeanza na anayesoma hapa: huo ndio ushauri wangu wote wa kumpata mwalimu. Nenda pale stili inapopigwa, subiri mapumziko, uliza kuhusu chombo na si kuhusu bei. Kama mji wako hauna kumbi za aina hii, vipo vyama vya wapiga stili, na Texas kipo kimoja ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikiandaa tamasha Dallas, watu wakipiga tangu asubuhi. Hata mpigaji ambaye hafundishi atamjua anayefundisha, kwa sababu wote wanajuana.

Bei tuliyokubaliana ni dola 60 kwa saa, kwake, asubuhi baada ya zamu yangu. Nibebe piki na chuma changu. Gitaa la pili analo, la mpangilio wa Emmons.

Machi, somo la kwanza

"Leo hutapiga wimbo wowote," aliniambia hata kabla sijakaa.

Tulianza na kiti. Kikiwa kirefu mno magoti yanagusa nyenzo bila kukusudia. Kikiwa kifupi mguu hauwezi kukanyaga A bila kuinua paja. Kiti alichonipa kilikuwa chini kuliko changu cha nyumbani, na goti likaacha kutafuta.

Kisha kutyuni, karibu nusu saa nzima, na nusu saa ile ilitosha kulipia somo. Mimi nilikuwa nafuata mashine, kila uzi kwenye sifuri, na kodi zangu zilikuwa na ukali fulani ambao nilidhani ni wa amplifaya. Akaniambia nisikilize G# dhidi ya E. Mashine inagawa ngazi ya muziki sawasawa ili piano iweze kupiga kii zote, lakini sikio linataka noti ya tatu ya kodi ya meja iwe chini kidogo, takriban sehemu 14 katika 100 za nusu toni. Kwenye gitaa la kawaida tofauti hiyo inajificha. Kwenye stili noti zinakaa muda mrefu na unasikia zikigombana, uwi-uwi-uwi. Akashusha G# taratibu mpaka ugomvi ukaisha. Nyuzi wazi zinatyuniwa kichwani mwa gitaa. Zikishakaa ndipo unakanyaga pedali na kutyuni noti iliyovutwa, kwa ufunguo mdogo wa pembe sita upande wa kulia. Ukivuruga mpangilio huo unazunguka bila mwisho.

Mwisho akatazama mkono wangu wa kulia. Alitazama kwa muda mfupi sana, akaweka kidole kwenye kifundo cha mkono wangu na kukishusha. Basi. Nilikuwa nimeinua kifundo juu kama mpiga piano, kwa hiyo kiganja hakikuwa na namna ya kufika kwenye nyuzi kwa wakati. Mwezi mzima wa video, na dawa ilikuwa kushusha kifundo.

Aprili

Mazoezi ni ya kuchosha na sitayapamba. Nyuzi tatu kwa wakati mmoja: 3, 4 na 5, kisha 4, 5 na 6, kisha 5, 6 na 8, kisha 6, 8 na 10. Donoa, zima, nyamaza, hamia. Metronomu, kifaa cha kuhesabu mdundo, iko polepole kiasi kwamba mtoto wangu aliuliza kama imeharibika. Mzee anataka kimya kati ya kodi kiwe kisafi kuliko kodi yenyewe.

Pedali ya sauti amenizuia kuigusa. Wanafunzi, anasema, huanza kuipigia mdundo kwa mguu wa kulia kama wanavyofanya kwa wimbo wa redio, sauti inapanda na kushuka kila pigo, na tabia hiyo huchukua miaka kuitoa. Nimeisukuma chini ya kochi.

Mkono wa kushoto una habari njema zaidi. Chuma kinakaa juu kabisa ya mstari wa freti, si nyuma yake kama kidole kwenye gitaa la kawaida, na jicho liwe juu yake moja kwa moja. Ukitazama kwa upande utaona freti mahali isipo. Vidole viwili vya mwisho vinafuata nyuma ya chuma vikigusa nyuzi kidogo, ili upande ule usitoe mlio. Hili nilikuwa nalo tayari, kutoka kwa video. Mzee alikubali kwa kichwa tu.

Uzi wa tatu umekatika. Ni mwembamba kuliko wote, sehemu 11 za elfu za inchi, na pedali B inauvuta juu zaidi kila mara. Kila mtu anasema huo ndio unaokatika kwanza.

Mei

Mguu umeanza kuelewa. A na B zinakanyagwa kwa mguu mmoja, nyayo ikilala juu ya zote mbili, na kutoa A huku ukibakiza B ni kazi ya kifundo kuinamia upande, si ya kuinua mguu. Sasa ninaweza kutoka G kwenda C kwa kukanyaga polepole, noti mbili zikipanda pamoja na ya tatu ikibaki palepale. Ndicho kile kilio cha kwenye kanda za baba. Kinatoka kwenye mguu. Mimi siku zote nilidhani ni mkono.

Kanisani kwetu, kwenye ibada ya Kiswahili, mpiga solo ni ndugu Mkongomani wa Bukavu. Alikuja nyumbani Jumapili kusikia. Nikampigia ubeti mmoja wa tenzi, polepole, kodi tatu. Akainamia pedali akazitazama, akasema kwa Kiswahili cha kwao: "Kaka, hii gitare iko nalia sawa mutu." Kisha akachukua gitaa lake na kuanza sebene juu ya kodi zangu, na mimi nikapotea mara moja, maana yeye hasubiri metronomu ya mtoto. Lakini kabla sijapotea kulikuwa na sekunde kadhaa ambapo stili ilishikilia na solo ikacheza juu yake, na vilikaa pamoja vizuri kabisa. Si ajabu mpya kwa Afrika; King Sunny Adé wa Nigeria alikuwa na Demola Adepoju kwenye stili ya pedali, katikati ya ngoma za juju, tangu miaka ya themanini. Nimemwekea ndugu yangu rekodi hizo, naye ameomba tupange ibada ya Julai.

Nimemweleza mzee. Hakushangaa habari ya Kongo wala ya Nigeria. Aliuliza tu mwendo wa sebene ni kasi gani, nikampigia meza kwa vidole, akacheka na kusema basi Julai ya mwaka gani.

Juni, mwanzoni

Mzee amesafiri na bendi, kwa hiyo hakuna somo hadi mwisho wa mwezi. Ameniachia kazi ya wenzo wa goti la kushoto: A pamoja na F, freti ya 6, niipate G bila kuangalia mguu, kisha nirudi freti ya 3 na uzi usilie njiani. Nimemuuliza mwalimu wa Zoom kama ana nafasi moja ya asubuhi ili atazame kifundo kimekaa wapi sasa; anayo Alhamisi. Kamera ya miguu nimeifunga kwenye kiti cha mtoto. Nyuzi za tatu za akiba nimeagiza nusu dazeni.